Ua la Kudumu Hudumu Wapi? Maelezo kwa Anayetaka Kupanda Asta

Anayesimama kwa nusu saa kwenye vitalu vya maua vilivyopangwa kando ya barabara, iwe Nairobi, Arusha au Iringa, atasikia wateja wakiuliza swali moja: "Hili ni la kudumu?" Muuzaji hujibu kuwa ni la kudumu, mteja hulipa na kubeba kiriba chake hadi nyumbani, na baada ya miezi minne au mitano hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama mmea hukauka wote, majani na mizizi, mteja akaamini kuwa ametapeliwa. Ama maua hunyauka, mashina hugeuka rangi ya kahawia, mteja akaung'oa na kuutupa akidhani umekufa, kumbe chini ya udongo ulikuwa mzima na ulikuwa unajiandaa kuchipua. Hasara zote mbili huanzia kwenye neno hilo moja, "kudumu", ambalo muuzaji na mnunuzi hulitamka sawa lakini kila mmoja ana picha yake kichwani.

Mimi nilipata hasara ya kwanza. Nilinunua pakiti ya mbegu iliyoandikwa "asta", nikaambiwa dukani kwamba nikishazipanda sitanunua tena. Zilichanua vizuri mno, maua makubwa kama kiganja cha mtoto, ya zambarau na ya waridi, yenye petali nyingi zilizobanana. Kisha mmea mmoja baada ya mwingine ukakauka. Kwa kuwa niliamini neno la muuzaji, niliendelea kulimwagilia tuta lile kwa wiki sita, nikisubiri machipukizi ambayo hayakuwa na pa kutokea. Nilichopanda kilikuwa asta ya China, mmea wa msimu mmoja, na hakuna samadi wala maji ambayo yangeurudisha. Katika makala hii nataka kueleza yale ambayo yangenifaa siku ile: ni nini hasa hudumu katika ua la kudumu, kwa nini asta moja hurudi na nyingine hairudi, na kwa nini hata ile inayorudi haina tabia moja huku karibu na ikweta na kule ilikotoka.

Kinachodumu ni mzizi

Wataalamu wa mimea huigawa mimea kwa urefu wa maisha yake. Mmea wa msimu mmoja huota, huchanua, hutoa mbegu na kufa katika mzunguko mmoja, kama mahindi, maharage na alizeti. Mmea wa miaka miwili hutumia msimu wa kwanza kujiwekea akiba, na msimu wa pili huchanua kisha hufa; karoti na kabichi zimo humu, ingawa sisi huzila kabla hazijafika huko. Mmea wa kudumu huishi zaidi ya miaka miwili, na mingine huishi makumi ya miaka. Katika kundi hili la tatu mna miti na vichaka vyenye shina gumu, kama mwaridi, asumini na bogenvilia, lakini mtunza bustani anaposema "maua ya kudumu" kwa kawaida hamaanishi hivyo. Anamaanisha mimea yenye mashina laini ambayo sehemu yake ya juu huchanua, huchakaa, kisha hukauka au hukatwa, huku sehemu ya chini ikibaki hai na kutoa mashina mapya.

Mfano ulio karibu nasi kabisa ni mgomba. Ukishatoa mkungu hukatwa, na shina lile halizai tena kamwe. Lakini hakuna mkulima wa Bukoba au Kisii anayelia kwamba shamba lake limekufa, kwa sababu anajua kuwa tunguu liko chini na watoto wameshachomoza pembeni. Asta ya kudumu huishi vivyo hivyo. Shina lililochanua limemaliza kazi yake, ila kando yake, kutoka kwenye vikonyo vinavyotambaa chini ya udongo, hutokea machipukizi ambayo ndiyo maua ya msimu unaofuata. Anayeing'oa asta kwa sababu mashina yamekauka amefanya sawa na mtu aliyeng'oa tunguu la mgomba siku ile ile aliyovuna mkungu.

Hapo dhana ya kwanza potofu hujiondokea yenyewe. Ua la kudumu si ua linalochanua mwaka mzima. Mara nyingi mimea ya msimu mmoja ndiyo huchanua kwa wingi na kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa haina mwaka mwingine wa kuuwekea akiba. Kila ilichonacho hukitumia kutafuta mbegu. Mmea wa kudumu huchanua kwa wiki kadhaa, kisha hurudisha chakula chini. Anayetaka rangi bustanini kila mwezi itambidi apande aina mbalimbali zinazopokezana, au achanganye za kudumu na za msimu.

Neno la pakiti liliandikwa wapi?

Jambo la pili ambalo wengi hawaelezwi ni kwamba kudumu hutegemea mahali. Pakiti nyingi za mbegu tunazonunua ziliandikwa kwa kufikiria hali ya hewa ya Ulaya au Marekani, ambako adui mkubwa wa mmea ni baridi ya kugandisha. Huko, mmea ambao mizizi yake huvumilia udongo ulioganda huitwa wa kudumu, na ule unaouawa na baridi hiyo huuzwa kama wa msimu mmoja, hata kama mahali pasipo na barafu ungeishi miaka mingi.

Mfano mzuri wa hili ni ua la kwetu wenyewe. Lipo ua la kivulini ambalo kwa jina la kitaalamu ni Impatiens walleriana, lenye mashina ya majimaji na maua bapa mekundu, meupe au ya waridi, na asili yake ni Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 wataalamu waliwahi kuliita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Bustani za Ulaya hulipanda kwa mamilioni baridi inapokwisha, na baridi nyingine inapoingia hufa lote, kwa hiyo pakiti yake husema ni la msimu mmoja. Kwenye kivuli chenye unyevu huko Lushoto au Amani, mmea huo huo huendelea mwaka baada ya mwaka. Mwenye bustani Usambara akiisadiki pakiti, atang'oa mmea wa kudumu uliozaliwa kwenye milima yake.

Kinyume chake pia ni kweli, na hapa pareto hutufundisha zaidi ya kitabu chochote. Pareto ni ndugu wa asta, wa familia moja, na ni mmea wa kudumu uliotoka pwani ya Dalmatia, ambayo leo iko nchini Kroatia. Mkulima wa Molo au wa nyanda za juu za Mbeya na Njombe anajua kuwa pareto hustawi kwenye miinuko yenye usiku wa baridi, na kwamba ukiishusha mabondeni kwenye joto itanawiri kwa majani mwaka mzima bila kutoa maua ya maana. Haiumwi, inangoja baridi ambayo haiji, maana baridi ndiyo huiamsha kuunda tumba. Piyoni, ua linalopendwa sana Ulaya na Asia ya Mashariki, lina dai kubwa zaidi: linataka majira ya baridi hasa, yanayodumu wiki nyingi, na ndiyo sababu picha zake hutuvutia lakini mizizi yake ikipandwa huku hulala tu mpaka ioze.

Kwa hiyo swali "hili ni la kudumu?" halitoshi. Swali lililo kamili ni hili: mzizi wake utaishi hapa nilipo, na ukiishi, je, kuna kitu cha kuuamsha uchanue?

Asta ni ipi kati ya hizi?

Jina asta limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyota, na ukilitazama ua lake lililofunguka huna haja ya kuuliza kwa nini. Tatizo ni kwamba jina hilo limebandikwa kwenye mimea mingi.

Ya kwanza ni asta ya China, Callistephus chinensis, ambayo mbegu zake zilipelekwa Ulaya na wamisionari Wajesuiti katika karne ya 18. Ina maua makubwa, mara nyingi yaliyojaa petali kama pomponi, na majani mapana yenye meno ya msumeno. Ni ya msimu mmoja popote ulimwenguni, na hiyo ndiyo iliyonifunza adabu ya kusoma pakiti. Ni ua zuri sana la kukata na kuweka kwenye chombo cha maji, lakini lisipandwe kwenye tuta lile lile msimu baada ya msimu, kwa kuwa kuna ugonjwa wa mnyauko unaokaa udongoni na kuishambulia asta hiyo.

Za pili ni asta za Amerika Kaskazini, na hizi ndizo za kudumu ambazo watu wengi huzimaanisha. Mbili kubwa ni asta ya New England na asta ya New York, zenye majani membamba kama mkuki na maua mengi madogo, ya zambarau, samawati, waridi au meupe, yenye jicho la njano katikati. Waingereza walizihusisha na sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba, kwa kuwa ndio wakati zinapochanua kwao. Ipo pia aina yenye maua madogo mno, mamia kwenye shina moja, ambayo huwekwa kwenye mashada ya arusi kujaza nafasi kati ya mawaridi. Hiyo nayo ni asta ya kudumu kutoka Amerika.

Mwaka 1994 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Guy Nesom, alizipanga upya asta hizi, na zile za Amerika Kaskazini zikaondolewa kwenye Aster, ambayo ni jenasi, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu. Nyingi za bustanini leo zinaitwa Symphyotrichum, jina ambalo hata wataalamu hulitamka kwa uangalifu. Wafanyabiashara wa maua wanaendelea kutumia jina la zamani, na mmea haujabadilika chochote. Ukikuta kibandiko kimoja kimeandikwa Aster na kingine Symphyotrichum, huenda ni mmea mmoja kabisa. Asta ya Ulaya, Aster amellus, ndiyo iliyobaki na jina lake.

Ukiwa kitaluni bila kibandiko chochote, uuinue mmea na uangalie kitako chake. Asta ya China ina shina moja linaloingia udongoni kama kigingi. Asta ya kudumu iliyokaa miezi michache kwenye kiriba itakuwa na zaidi ya shina moja, na kwenye ukingo wa udongo utaona ncha ndogo nyekundu au za kijani zikichomoza mbali kidogo na shina la katikati. Ncha hizo zina thamani kuliko ua lililofunguka juu, na mimi sinunui mmea usio nazo, hata uwe mzuri kiasi gani.

Na kabla ya kuendelea, litazame ua lenyewe kwa karibu, maana litakusaidia baadaye. Chukua moja na ulipasue katikati kwa ukucha. Kile tunachokiita ua moja ni mkusanyiko wa maua mengi yaliyokaa kwenye kiti kimoja. Kila "petali" ya pembeni ni ua kamili lenye ulimi mmoja mrefu, na lile jicho la njano ni umati wa vikombe vidogo, kila kimoja na midomo yake mitano. Vikombe hivyo hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati, duara baada ya duara, kama unavyoona kwenye alizeti, ambayo ni ya familia hiyo hiyo. Duara la kwanza likiwa limefunguka na katikati pangali pamefumba, ndipo ua linafaa kukatwa kwa ajili ya mezani. Jicho lote likishafunguka na kuanza kugeuka wekundu wa kahawia, ua limeshazeeka, na halitakaa siku nyingi chomboni.

Mmea unaohesabu usiku

Sasa tufike kwenye jambo linalowasumbua zaidi wanaopanda asta za kudumu katika nchi zetu. Mmoja hulalamika kwamba asta zake zinachanua zikiwa fupi kama kiganja, ilhali picha ilionyesha mmea wa mita moja. Mwingine hulalamika kwamba zake zimerefuka vizuri, zina majani mengi, lakini miezi inapita bila ua hata moja. Malalamiko haya yanaonekana kupingana, kumbe chanzo chake ni kimoja.

Mwaka 1920 watafiti wawili wa Marekani, Garner na Allard, walichapisha matokeo ya majaribio yao ya tumbaku na soya, wakaonyesha kuwa mimea mingi huamua wakati wa kuchanua kwa kupima urefu wa mchana. Mwaka 1938 Hamner na Bonner walisogeza hatua moja mbele: kinachopimwa hasa ni urefu wa giza, kwa sababu mwanga mfupi ukiwashwa katikati ya usiku huvuruga hesabu yote. Asta za Amerika, pamoja na binamu yake krisanthemumu, huhesabu hivyo. Usiku ukiwa mfupi hurefusha mashina. Usiku ukirefuka huacha kurefuka na kutengeneza tumba.

Huko zilikotoka hesabu hii huenda sambamba na majira. Jijini London mchana wa Juni hufikia takriban saa 16 na nusu, na wa Desemba hushuka hadi karibu saa 8. Asta hutumia mchana mrefu wa katikati ya mwaka kupanda juu, na usiku unaporefuka mwezi Septemba huchanua ikiwa ndefu. Nairobi, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki dakika 10, na hata Dar es Salaam, iliyo mbali zaidi na ikweta, tofauti ni kama dakika 50 tu. Kwetu usiku hudumu takriban saa 12 kila siku, na kwa asta huo ni usiku mrefu. Kila siku ya mwaka inauambia mmea kwamba wakati wa kuchanua umefika, kwa hiyo huchanua mapema kabla haujajenga kimo. Hakuna aliyekosea, si wewe wala muuzaji.

Mashamba ya Kenya yanayokuza maua ya kukata yanalijua jambo hili vizuri. Yakitaka asta yenye shina refu la kusafirisha, huning'iniza taa juu ya matuta na kuziwasha usiku kwa wiki kadhaa, ili mmea udhani mchana ni mrefu na upande juu. Shina likifikia urefu unaotakiwa, taa huzimwa, na giza la kawaida la ikweta hukamilisha kazi. Anayepita barabarani usiku na kuona shamba limewaka taa kama mji, pengine anaona mimea ikidanganywa saa.

Na yule ambaye asta zake ni majani matupu? Mwulize taa ya ulinzi iko wapi. Katika nyumba nyingi za mijini tuta la maua liko chini ya ukuta, na juu ya ukuta kuna taa inayowaka kuanzia magharibi hadi alfajiri. Mwanga ambao kwetu ni hafifu, kwa asta unatosha kuufuta usiku. Ukiihamishia mimea hiyo upande wenye giza, au ukiigeuza taa itazame barabarani, tumba huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa. Sijui ushauri mwingine wa bustani wenye gharama ndogo kuliko huu.

Wasomaji walioko Minneapolis, Toronto au miji mingine ya baridi wana hali tofauti, na ninawaonea wivu kwa hili. Asta ya New England ni mwenyeji wa sehemu nyingi za huko, mizizi yake huvumilia theluji bila kufunikwa, na maua yake ya Septemba ni chakula cha vipepeo vya monaki wanapoanza safari ya kwenda Mexico. Kwao inatosha kuupanda mmea juani baridi ikiisha, kukata ncha zake mara moja au mbili kabla ya mwezi Julai ili utoe matawi, kisha kuliachia jua lenyewe liweke saa.

Kuchagua kwa mwinuko

Katika Afrika Mashariki mwinuko una uzito kuliko jina la mkoa. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na hivyo bustani ya Limuru na bustani ya Mombasa, ingawa ziko katika nchi moja, ni dunia mbili. Asta za kudumu hufanya vizuri kuanzia kama mita 1,400 kwenda juu, yaani maeneo ya Arusha, Lushoto, Iringa, Njombe, Nairobi na Nyeri. Huko unaweza kuziunganisha na agapanthasi, jabera, deizi kubwa nyeupe, na zaidi ya zote nifofia, ua lenye umbo la mwenge wa moto ambalo baadhi ya spishi zake ni wenyeji wa milima yetu yenyewe, na ambalo ndege chozi hulifuata asubuhi na jioni.

Pwani nisingempa mtu asta. Joto la usiku huichosha, na mizizi huoza wakati wa masika. Bora apande kana, au pentasi, mwenyeji wa Afrika Mashariki ambaye vishada vyake vya nyota nyekundu hujaa vipepeo, au ua la Madagaska, Catharanthus roseus, linaloota hata kwenye ufa wa ukuta wa mawe ya matumbawe. Hilo la mwisho lina sumu likiliwa, kwa hiyo lisiwe mahali ambapo watoto wadogo au mbuzi wanachezea. Ni afadhali ua la kawaida linalojisikia nyumbani kuliko ua la picha linalouguzwa.

Neno moja la tahadhari kwa wanaoagiza mbegu kutoka nje: familia hii ya asta ndiyo iliyotuletea gugu karoti na alizeti pori, mimea miwili iliyovamia mashamba na malisho kwa sababu mbegu zake husambaa upesi mno. Usipande mbegu usizozifahamu za familia hii, na usitupe vichwa vilivyokauka kando ya mto.

Kazi ya tuta

Watu hudhani la kudumu halina kazi. Lina kazi ndogo, lakini iliyo kubwa hufanywa mwanzoni, kwa sababu hutalichimba tena tuta hilo kwa miaka miwili au mitatu. Chimba kina cha sentimita 30, ng'oa mizizi yote ya magugu yanayotambaa, na uchanganye ndoo moja ya mboji iliyoiva kwa kila mita ya mraba. Chagua mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku na ambapo maji hayatuami. Kama udongo ni mfinyanzi, inua tuta. Panda mvua zikianza, Machi au Oktoba, ukiacha sentimita 45 hadi 60 kati ya mmea na mmea. Nafasi hiyo itaonekana kubwa mno siku ya kwanza, na mwaka wa pili utaona ilivyokuwa ya lazima.

Mmea ukifika sentimita 15 hivi, kata ncha ya kila shina juu ya jani. Mkono husita, najua. Lakini shina lililokatwa ncha hutoa matawi matatu au manne, na kila tawi hubeba maua yake, na kwa asta zetu fupi za ikweta hiyo ndiyo njia ya kupata kichaka kilichojaa.

Kuhusu samadi, wengi huamini kuwa ikizidi, maua huzidi. Samadi nyingi, hasa ya kuku, ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni hutengeneza majani na mashina laini yanayoanguka na kuvutia vidukari. Mboji ya mwanzo na tabaka jembamba la nyongeza kila baada ya kuchanua vinatosha.

Ugonjwa utakaokutana nao ni ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokaa juu ya jani kama unga wa ngano uliomwagika. Hapa imani ya kawaida inapotosha, kwa kuwa watu huuona ukungu wakaacha kumwagilia wakidhani ni maji yamezidi. Ukungu mwingine mwingi hutaka jani lililolowa, huu hauhitaji. Hushambulia hasa mmea ambao mizizi yake imekauka huku hewa kati ya majani imetuama. Dawa yake ya kwanza ni kumwagilia chini kwenye kitako, kuweka matandazo ya nyasi kavu, na kupunguza mashina yaliyosongamana ili upepo upite. Asta ya New York ni dhaifu sana kwa ugonjwa huu. Ya New England huustahimili zaidi, na anayeanza angeanza na hiyo.

Maua yakiisha, kata mashina yote hadi sentimita 5 au 10 juu ya udongo. Usingoje yakauke yenyewe kama bustani ni ndogo, kwa sababu machipukizi mapya yanahitaji mwanga. Kwa hali yetu isiyo na majira ya baridi, mengine yatakuwa tayari yamechomoza.

Kugawa kichaka

Kila baada ya miaka miwili au mitatu kichaka cha asta hupungukiwa. Ukikitazama kutoka juu utaona kimekuwa duara lenye tundu: katikati pamebaki vijiti vigumu visivyo na jani, na uhai wote umehamia pembezoni. Hiyo ndiyo tabia ya mmea unaotambaa chini kwa chini kutafuta udongo mpya, na mwenye bustani asiyejua hudhani ni ugonjwa. Kichimbe chote kwa uma wa shamba au jembe, kikung'ute udongo, kisha ukigawe kwa mikono au kwa kisu chenye makali. Kila kipande kiwe na machipukizi matatu hadi matano na mizizi yake myeupe. Vile vya pembeni ndivyo vya kupanda. Kile cha katikati, hata kama ndicho kikubwa, kipeleke kwenye shimo la mboji.

Wakulima wa pareto wamekuwa wakifanya hivi hivi, wakigawa mashina yao na kupanda vipande, na wala hawahitaji kufundishwa. Wanaokuza asta kwa mbegu hawapati matokeo hayo, kwani mbegu ya asta ya bustani, iliyochanganyika damu kwa vizazi vingi, haitoi ua kama la mama yake. Kipande kilichogawanywa hutoa ua lile lile, rangi ile ile, kwa sababu ni mmea ule ule ulioendelea kuishi.

Kichaka kimoja cha miaka mitatu kinaweza kutoa vipande vinane au kumi. Vipande ambavyo havina nafasi kwenye tuta lako vifungie kwenye gunia bichi pamoja na udongo kidogo, uviweke kivulini, na uwapelekee majirani ndani ya siku mbili au tatu kabla mizizi haijakauka; waambie na habari ya taa ya ulinzi, ili wasipande chini ya yao.